Mstari wa wakati unasema kichakataji kinapumzika, lakini uzi wenye kipaumbele cha juu unachelewa. Nani amekula mikrosekunde 340?

#1 Mpima_Nukta

Wakuu, salamu. Naomba mnisaidie kusoma picha ambayo kadiri ninavyoitazama ndivyo inavyozidi kunichanganya. Nina mfumo pachikwa wenye kiini cha Cortex-M4 kinachokwenda kwa 168 MHz, nao unatumia FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo unaogawa muda wa kichakataji kati ya nyuzi, yaani kazi zinazopokezana. Uzi wa kudhibiti mota una kipaumbele cha juu kuliko nyuzi zote, na huamshwa na katizo la kipima muda (katizo ni ishara ya maunzi inayokisimamisha kichakataji kwa muda ili kishughulikie jambo la haraka) kila baada ya milisekunde 1. Kwa kawaida uzi huo huanza kazi mikrosekunde chache tu baada ya katizo. Lakini mara mojamoja, bila mpangilio ninaoutambua, huchelewa kwa mikrosekunde kati ya 310 na 345, kisha mambo hurudi kuwa sawa.

Nimeweka kirekodi cha matukio ambacho huhifadhi mihuri ya wakati kwenye bafa ya RAM, na kitatuzi (kifaa cha kuchunguzia programu) huisoma bafa hiyo programu ikiwa inaendelea. Nikichora mstari wa wakati, naona katizo la kipima muda limeingia na kutoka kama inavyotakiwa, kisha unafuata mwanya ambao programu ya kuchorea inauhesabu kuwa ni wa uzi wa mapumziko (ule unaoendelea pasipokuwa na kazi nyingine), ndipo uzi wa kudhibiti unapoanza. Inawezekanaje uzi ulio tayari, tena wenye kipaumbele cha juu kuliko wote, usubiri huku kichakataji hakina la kufanya? Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba nikiongeza mistari ya kuchapisha ujumbe kwenye mlango wa siriali, ucheleweshaji unatoweka.

#2 Bi_Rejista

Ndugu, hakuna kinachothibitisha kwamba kichakataji kilipumzika. Picha inakwambia tu kwamba tukio la mwisho lililorekodiwa lilikuwa la kuingia kwenye uzi wa mapumziko, na programu ya kuchorea ikaendelea kupaka rangi ya uzi huo hadi lilipokuja tukio jingine. FreeRTOS ina vishikizo vya kurekodi ubadilishaji wa nyuzi, yaani traceTASK_SWITCHED_IN na traceTASK_SWITCHED_OUT, kwa hiyo nyuzi hujiandikisha zenyewe. Makatizo hayana bahati hiyo. Kila kishughulikiaji cha katizo ni lazima ukiwekee kwa mkono wito wa kuingia na wito wa kutoka, na ukiacha kimoja, muda wake wote utaandikwa kwa jina la uzi uliokuwa ukiendelea kabla yake.

Halafu itazame hiyo namba yako. Mlango wa siriali wa kasi ya 115200 hutuma baiti 1, ambayo ni biti 10 ukihesabu za kuanzia na kumalizia, kwa takriban mikrosekunde 87. Baiti 4 ni mikrosekunde 347. Mimi ningeanza kumsaka mtu aliyeweka ndani ya katizo kitanzi cha kusubiri herufi nne ziondoke.

#3 Mzee_wa_Asembla

Bi_Rejista amesema kweli kuhusu picha, ila hiyo hesabu ya herufi nne ni kupiga ramli. Kitanzi cha kawaida husubiri rejista (hifadhi ndogo ya ndani) ya data iwe wazi, hakisubiri utumaji uishe. Baiti ya kwanza huhamia mara moja kwenye rejista ya kusukumia, ya pili hukaa nyuma yake, kwa hiyo anayetuma herufi nne kwa njia hiyo husubiri muda wa baiti 2 tu, yaani mikrosekunde 174 hivi. Ili upate 347 ni lazima mwandishi awe amesubiri bendera ya utumaji kukamilika. Wapo wanaofanya hivyo, lakini tusimhukumu mtu kwa kuzidisha na kujumlisha.

Mpima_Nukta, weka kirekodi chako kando kwanza, utafute pini tatu ambazo hazitumiki. Ya kwanza ipandishe mwanzoni mwa katizo la kipima muda na kuishusha mwishoni. Ya pili ipandishe uzi wa kudhibiti unapoanza na kuishusha unapolala. Ya tatu iwe inapanda na kushuka bila kukoma ndani ya kishikizo cha uzi wa mapumziko. Kuandika kwenye rejista ya kuwasha na kuzima pini hugharimu mizunguko michache ya saa, ilhali kirekodi cha programu hugharimu takriban mikrosekunde moja au zaidi kwa kila tukio, na wakati mwingine hufunga makatizo kinapoandika. Unganisha kichanganuzi cha mawimbi ya kidijitali. Hata kile kinachochukua sampuli milioni 24 kwa sekunde kitakuonyesha tofauti za nanosekunde 42 hivi, nawe unatafuta mwanya wa mikrosekunde mia tatu.

Jibu litakuwa kwenye pini ya tatu. Ikiendelea kutikisika ndani ya mwanya, kweli kichakataji kilikuwa kimepumzika na mpangaji wa nyuzi ana la kujibu. Ikisimama, kuna mtu alikuwa amekishika.

#4 Kodi_Mbichi

Wakuu, mbona hamjataja kinyume cha vipaumbele? Hiki ndicho kisa cha chombo cha Mars Pathfinder kilichotua Mirihi mwaka 1996 na kuanza kujizima na kujiwasha, hadi wahandisi walipokituma upya programu nzima. Uzi wa juu ulikuwa unasubiri kufuli (kibali cha kutumia kitu kwa zamu) lililoshikwa na uzi wa chini. Nadhani hapa ni yale yale.

#5 Daftari_la_Kale

Kodi_Mbichi, kisa ni cha kweli lakini umekisimulia kwa haraka. Chombo kilirushwa tarehe 4 Desemba 1996 na kutua tarehe 4 Julai 1997. Programu haikutumwa upya nzima. Uzi wa chini wa kukusanya takwimu za hali ya hewa ulikuwa umeshika kufuli ambalo uzi wa juu wa kusambaza data za basi ulilihitaji, na nyuzi za kati, zisizohitaji kufuli hilo hata kidogo, zikawa zinamnyima yule wa chini nafasi ya kuliachia. Uzi wa juu ukikosa muda wake, mfumo ulijiwasha upya. Suluhisho lilikuwa kuwezesha urithi wa kipaumbele (aliyeshika kufuli huazimwa kipaumbele cha anayelisubiri) kwenye kufuli husika, jambo ambalo VxWorks, mfumo endeshi wa chombo, ilikuwa tayari inaliruhusu. Na linalotuhusu sisi zaidi ni namna chanzo kilivyopatikana: walikuwa na nakala ya chombo duniani, wakaiendesha huku wakirekodi matukio ya mfumo hadi hitilafu ikajirudia, kisha wakaisoma rekodi.

Pamoja na hayo, sidhani kwamba kisa hicho kinafanana na cha mwenye mada. Kinyume cha vipaumbele kingeonyesha uzi wa kati ukiendelea ndani ya mwanya, hakingeonyesha uzi wa mapumziko. Isipokuwa aliyeshika kufuli awe amelala nalo, mathalani anasubiri kihisi kimjibu. Hapo nyuzi zote zingekuwa zimelala na wa mapumziko angeendelea kihalali.

#6 Kodi_Mbichi

Asante kwa marekebisho, mzee. Basi nabaki na hicho kipande cha mwisho: aliyelala na kufuli.

#7 Bi_Rejista

Hicho nacho hakikai. Mwenye mada amesema uzi ulikuwa tayari. Uzi unaosubiri kufuli hauko tayari; umezuiwa. Labda atuambie alijuaje kwamba uko tayari, kwa sababu programu nyingi za kuchorea huweka alama ndogo ya utayari ambayo watu huipita bila kuisoma.

#8 Saa_Mbovu

Mnamsachi kila mtu isipokuwa mwenye kushika saa. Mihuri ya wakati inatoka wapi? Kama ni kihesabu cha mizunguko cha kiini, yaani CYCCNT, kina tabia tatu za kuangalia. Kwanza, ni cha biti 32, na kwa 168 MHz hufurika kila baada ya sekunde 25.6 hivi. Pili, hakihesabu mpaka biti ya TRCENA, inayowezesha vitengo vya ufuatiliaji, iwashwe, na vitatuzi vingi huiwasha vyenyewe. Ndiyo maana watu hushangaa kifaa kikifanya kazi mezani na kutoa sufuri tupu kikichomolewa. Tatu, kichakataji kikilala kwa amri ya WFI (subiri katizo), saa ya kiini inaweza kusimama na kihesabu kikasimama nayo, ilhali kitatuzi kikiwa kimeunganishwa saa hiyo mara nyingi huachwa iende. Yaani kifaa kile kile, programu ile ile, na mistari miwili ya wakati isiyolingana.

Swali langu kwa mwenye mada: je, uzi wako wa mapumziko unakilaza kichakataji?

#9 Daftari_la_Kale

Kwa jina hilo, tungekuamini katika jambo jingine lolote isipokuwa saa. Lakini kwa kweli hoja yako inaelekea upande usiofaa: kihesabu kinachosimama hufupisha mianya kwenye picha, hakiirefushi. Kama ndicho chanzo, basi mwanya wa kweli ni mrefu kuliko 340.

#10 Saa_Mbovu

Ndiyo hasa ninachokihofia. Tena usingizi mzito una gharama nyingine: wakati wa kuamka, kristali na kizidishi cha saa huhitaji muda wa kutulia, na muda huo unaweza kufika mamia ya mikrosekunde. Nani amesema mwanya ni lazima uwe na mtu ndani yake?

#11 Flashi_Nzito

Mimi naongeza mshukiwa. Je, mfumo unaandika mipangilio au kumbukumbu za matukio kwenye flashi ile ile inayobeba programu? Kwenye mikrokontrola nyingi zenye benki moja ya flashi, uandishi ukiwa unaendelea, kichakataji kikitaka kusoma amri kutoka humo kinasimama palepale hadi flashi imalize. Wakati huo hakuna katizo linaloshughulikiwa, hakuna uzi unaobadilishwa, na kirekodi hakina cha kuandika kwa sababu nacho kimesimama. Niliwahi kuona mfumo ambao taa yake ya hali ilikuwa inasita kila unapohifadhi mpangilio, na picha ya nyuzi ilikuwa safi kabisa.

#12 Mzee_wa_Asembla

Flashi_Nzito, umeeleza vizuri, ila kipimo hakilingani. Kuandika neno moja huchukua makumi machache ya mikrosekunde, na kati ya neno na neno katizo linalosubiri hupata nafasi yake, isipokuwa mwandishi awe amefunga makatizo. Kufuta sekta nzima nako huchukua milisekunde nyingi, kwa hiyo uzi wa milisekunde 1 ungeruka vipindi vingi, usingechelewa theluthi ya kimoja. Ili upate 340 unahitaji mtu anayeandika maneno kadhaa mfululizo akiwa amefunga mlango. Siipingi kabisa, naiweka nyuma ya foleni.

#13 Mpima_Nukta

Nashukuru nyote. Nimefanya aliyoagiza Mzee_wa_Asembla na mengine machache, na nayaeleza kama yalivyo.

Usingizi nimeuondoa kabisa. Uzi wa mapumziko sasa unatikisa pini tu, na ucheleweshaji bado upo. Katika mstari wa kwanza wa kishughulikiaji cha kipima muda ninasoma rejista ya hesabu ya kipima muda chenyewe, ambayo huanza upya kutoka sufuri kila kinapotoa katizo, kwa hiyo thamani yake ni umri wa katizo wakati ninalipokea. Umri huo haujazidi mikrosekunde 2 hata katika vipindi vinavyochelewa. Kirekodi hakijapoteza tukio. Kihesabu chake cha kufurika kwa bafa ni sufuri. Flashi haiandikwi wakati mota inaendeshwa. Na pini ya tatu inasimama. Kuanzia katizo linapotoka hadi uzi wa kudhibiti unapoanza, haitikisiki hata mara moja.

#14 Bi_Rejista

Basi mapumziko yamefutwa, na pamoja nayo nadharia ya saa na ya kuamka usingizini. Kichakataji kilishikwa. Kwa kuwa katizo la kipima muda lilipokelewa kwa wakati, aliyekishika hakufunga makatizo yote katika dakika ile. Aliingia baada yake, au alizuia ubadilishaji wa nyuzi peke yake. Je, kuna maktaba yoyote iliyofungwa ambayo makatizo yake hukuyawekea wito wa kurekodi?

#15 Mpima_Nukta

Ipo moja ya mawasiliano ya redio, ambayo nilipewa bila kodi chanzo. Katizo lake lina kipaumbele kilicho juu ya mpaka wa configMAX_SYSCALL_INTERRUPT_PRIORITY.

#16 Bi_Rejista

Mshukiwa wangu ndiye huyo. Kwenye Cortex-M4, sehemu nyeti za FreeRTOS hupandisha BASEPRI, rejista inayozuia makatizo yenye kipaumbele kisichozidi kiwango fulani, hadi mpaka huo tu, kwa hiyo katizo lililo juu yake hupita wakati wowote, hata katikati ya kazi za kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi. Kwa sababu hiyo hiyo hairuhusiwi kuita huduma za kerneli, na kirekodi kinachojilinda kwa BASEPRI hakiwezi kuitwa kutoka humo bila hatari ya kuharibu bafa. Hata ungekuwa na kodi chanzo, kulirekodi kwa programu kungekuwa na mashaka.

Tumia maunzi. Kitengo cha DWT, sehemu ya ufuatiliaji iliyo ndani ya kiini, kinaweza kutoa paketi kila hitilafu ya mfumo au katizo linapoingia, linapotoka, na utekelezaji unaporudi mahali ulipokatizwa, zote kupitia pini moja ya kutolea data za ufuatiliaji, SWO, bila kugusa kodi. Paketi ina baiti 3. Ukiiendesha SWO kwa megabiti 2 kwa sekunde una baiti 200,000, yaani, kwa paketi tatu za kila katizo, makatizo 22,000 hivi kwa sekunde kabla hujaongeza mihuri ya wakati. Kwa mfumo wako panatosha, mradi usitume ujumbe mwingine kupitia njia hiyo hiyo.

#17 Kodi_Mbichi

Swali la mwanafunzi: hakuna uwezekano kwamba ni kiini chenyewe? Nimesoma kwamba kuingia kwenye katizo huchukua mizunguko 12, na kitengo cha hesabu za desimali kikiwa kimetumika, fremu ya stakini (hali ya kazi iliyokatizwa inayohifadhiwa) hukua kutoka maneno 8 hadi 26.

#18 Mzee_wa_Asembla

Namba zako ni sahihi, na nafurahi kwamba umesoma. Ila mikrosekunde 340 kwa 168 MHz ni mizunguko 57,120. Unamtafuta aliyeiba gunia, nawe unanionyesha aliyeokota punje.

#19 Mtazama_Kerneli

Natoka upande wa Linux, ambako tatizo hili lina sura zile zile. Kifuatiliaji cha ftrace, zana ya ufuatiliaji ya Linux, kiitwacho irqsoff huhifadhi kipindi kirefu kuliko vyote ambacho makatizo yalikuwa yamefungwa, pamoja na njia ya wito iliyoyafunga. Rekodi unaweza kuikusanya kwa trace-cmd na kuitazama kwenye KernelShark, kila kiini na mstari wake. Kinachonivutia hapa ni kifuatiliaji kingine, hwlat, ambacho hukishika kiini, hufunga makatizo na kusoma saa mfululizo, kisha hutafuta mianya kati ya usomaji mmoja na mwingine. Kiliandikwa kwa sababu programu dhibiti ya mashine inaweza kukinyakua kichakataji chini ya mfumo endeshi bila mfumo huo kujua. Pini ya tatu ya Mzee_wa_Asembla ni hwlat ya maskini, tena naipenda zaidi.

Kwa Mpima_Nukta, nina pendekezo moja. Usitazame picha ndefu ukisubiri bahati. Weka sharti ndani ya uzi wa kudhibiti: ukianza ukiwa umechelewa zaidi ya mikrosekunde 100, kirekodi kisimame palepale. Bafa ya mviringo (inayofuta ya zamani ikijaa) itabaki na yaliyotangulia tukio lenyewe, na kila picha utakayoifungua itakuwa na kosa ndani yake.

#20 Kipenda_Mistari

Na picha zenyewe si lazima zichorwe na programu ya mwenye kirekodi. Mimi hugeuza rekodi kuwa umbizo la VCD la kuhifadhi mawimbi ya ishara, ambalo liliwekwa kwenye kiwango cha Verilog (lugha ya kueleza saketi) cha IEEE 1364 mwaka 1995, kwa hati fupi ya Python, kisha huifungua kwenye GTKWave, programu ya kutazama mawimbi. Kila uzi huwa ishara moja: 1 ukiwa unaendelea, 0 ukiwa umezuiwa, na x ukiwa tayari lakini hujapewa nafasi. GTKWave huonyesha x kwa rangi nyekundu, kwa hiyo kila kusubiri kusikostahili hujitokeza kwenye skrini bila wewe kukutafuta. Faida kubwa zaidi ni kwamba kichanganuzi cha mawimbi nacho kinaweza kutoa VCD, kwa mfano kupitia programu ya sigrok, nawe ukaziweka pini na nyuzi kwenye ukurasa mmoja. Tatizo ni kuoanisha saa mbili zisizo na asili moja. Mimi hutumia pini moja kama alama ya pamoja na kuirudia mara kwa mara, la sivyo mistari husogea taratibu hadi matokeo yakaonekana kutangulia visababishi.

#21 Saa_Mbovu

Hoja hiyo ya saa mbili inanirudisha uwanjani. Redio ina kristali yake. Tuseme ina kipindi chake cha milisekunde 1, na kristali mbili zinatofautiana kwa sehemu 100 kwa milioni. Vipindi viwili hivyo vitakutana kila baada ya sekunde 10, na hiyo ndiyo "bila mpangilio" ya mwenye mada. Vilevile inaeleza kwa nini kuchapisha ujumbe kunaondoa kosa: kunasogeza awamu tu, na subira yake haikutosha kuliona likirudi.

#22 Daftari_la_Kale

Ukifuata hesabu yako hadi mwisho itakusaliti. Kwa tofauti hiyo, awamu husogea mikrosekunde 0.1 kwa kila kipindi. Kazi ya mikrosekunde 340 ingekutana na uzi wa kudhibiti kwa vipindi 3,400 mfululizo, yaani sekunde 3.4, na ucheleweshaji ungepanda au kushuka polepole kama ngazi kutoka sufuri hadi 340. Mwenye mada ameeleza vipindi vya mojamoja, vyote kati ya 310 na 345. Chora histogramu, ndugu. Mgongano wa awamu ungetoa uwanda, nawe una kilele.

#23 Mshika_Lundo

Nimesoma mada yote kimya, na naona kila mmoja anasaka katizo. Bi_Rejista alitaja katika #14 uwezekano wa kuzuia ubadilishaji wa nyuzi peke yake, kisha akaupita. Je, mfumo huu unaunda na kufuta nyuzi wakati wa kazi? Kwenye FreeRTOS, uzi mwingine ukiufuta uzi, kumbukumbu yake huachiwa papo hapo. Uzi ukijifuta wenyewe, kazi ya kuachia kumbukumbu huachiwa uzi wa mapumziko. Mgao wa heap_4, mmoja wa wagawaji kumbukumbu wa FreeRTOS, husimamisha mpangaji wa nyuzi wakati wa kuachia kipande, lakini haufungi makatizo. Tazama matokeo yake: katizo la kipima muda linaingia kwa wakati, uzi wa kudhibiti unaamshwa, ubadilishaji unaahirishwa, uzi unaoendelea ni wa mapumziko kweli, na pini ya tatu haitikisiki kwa sababu uzi huo uko kwenye usafi, haujafika kwenye kishikizo. Kila ulichokiona kinaelezeka bila katizo lolote la siri.

#24 Mpima_Nukta

Ndiyo, kuna uzi wa kutuma ripoti ambao huundwa, hutuma, kisha hujifuta.

#25 Mzee_wa_Asembla

Nadharia nzuri, na inanipendeza kwa sababu haidai mgeni. Lakini mizunguko 57,120 ya kutembea kwenye orodha ya vipande huru? Hata tukihesabu mizunguko 10 kwa kipande, unahitaji vipande zaidi ya elfu tano. Lundo (kumbukumbu inayogawiwa wakati wa kazi) la namna hiyo lingekuwa limeshaanguka.

#26 Mshika_Lundo

Hesabu ni sawa kama lundo liko kwenye RAM ya ndani. Likiwa kwenye RAM ya nje yenye basi la polepole, kila hatua inagharimu zaidi. Na kuna kipimo kinachotutenganisha bila kubishana: alama ya utayari aliyoiulizia Bi_Rejista. Katizo likimwamsha mtu huku mpangaji amesimamishwa, FreeRTOS humweka kwenye orodha ya wanaosubiri kutayarishwa, na kishikizo cha traceMOVED_TASK_TO_READY_STATE hakiitwi hadi mpangaji arudishwe kazini. Kwa nadharia yangu, alama itaonekana mwishoni mwa mwanya. Kwa nadharia ya katizo la redio, itaonekana mwanzoni.

#27 Mpima_Nukta

Nimefungua picha zilizokamatwa kwa sharti la Mtazama_Kerneli. Katika nyingi alama ya utayari iko mwanzoni, mara tu katizo linapotoka. Katika chache iko mwishoni kabisa, imegusana na kuanza kwa uzi. Urefu wa mianya ya aina zote mbili hautofautiani kwa namna ninayoweza kuiona. Lundo liko RAM ya ndani.

Nimewasha pia paketi za makatizo kupitia SWO. Katika mianya ambayo alama iko mwanzoni, katizo la redio linaonekana kweli, lakini linakaa mikrosekunde 90 hivi. Zilizobaki, takriban 250, hazina katizo ndani yake.

#28 Bi_Rejista

90 hizo ni zangu. Mikrosekunde 250 zilizobaki huenda ni paketi zilizopotea. Tafuta paketi za kufurika kwenye rekodi ya SWO kabla ya kuamini utupu wake.

#29 Mshika_Lundo

Au ni za mtu aliyepandisha BASEPRI mara tu baada ya katizo la kipima muda na kuzuia PendSV, ambayo ndiyo hubadilisha nyuzi na ina kipaumbele cha chini kuliko makatizo yote. Hilo pia halitoi paketi ya katizo.

#30 Kodi_Mbichi

Kwa hiyo ni wezi wawili?

#31 Mtazama_Kerneli

Wawili au watatu. Mpima_Nukta, mwombe DWT ikutumie pia sampuli za kihesabu cha programu, nazo zitakupa anwani ya kodi iliyokuwa inaendelea hata makatizo yakiwa yamefungwa. Zilinganishe na faili la ramani la kiunganishi, na hata maktaba iliyofungwa itakupa angalau jina la sehemu yake.

#32 Mpima_Nukta

Nitafanya hivyo. Nichukue sampuli kila baada ya mizunguko mingapi?

#33 Mzee_wa_Asembla

Usichukue kila baada ya 1,024. Paketi ya sampuli ina baiti 5, na kwa 168 MHz hiyo ni zaidi ya baiti 800,000 kwa sekunde kwenye njia yenye uwezo wa 200,000. Weka 8,192, utatumia nusu ya njia hivi na kupata sampuli 7 ndani ya kila mwanya. Zima mihuri ya SWO ikiwa paketi za kufurika bado zinajitokeza, na utuletee anwani zenyewe kama zilivyo, usituletee majina uliyoyakisia.